Runinga ya Mama Mkwe Imekuwa Mali ya Serikali

Watu wangu, leo nimeaibika kazini, na hakuna adui aliyenisaidia. Nimejiaibisha kwa mkono wangu mwenyewe, kwa rangi nyekundu.

Wengi mnajua nasimamia karakana ya serikali huku Pasiansi. Mafundi wangu wanatengeneza redio za boti za doria, kompyuta za ofisi, mpaka mashine za hospitali. Kazi wanaijua. Mimi kazi yangu ni kuwasimamia, yaani kupita na kikombe cha chai nikiuliza, "Imefikia wapi?"

Asubuhi akaja mkaguzi kutoka makao makuu. Nikataka aone kwamba hapa pana mkuu. (Hakuwa ameuliza.) Nikawakusanya mafundi, nikatangaza kuwa kazi za mitaani ndani ya karakana sasa basi. Kila mwenye kitu chake akichukue hapo hapo. Kisicho na mwenyewe kinakuwa cha serikali.

Wakachukua. Ikabaki runinga moja kubwa, imefunikwa kitenge, kwenye meza ya Masanja, fundi wangu wa siku nyingi.

"Hii ya nani?"

Masanja akakohoa. "Bosi, hiyo tuiache kwanza."

"Nimeuliza ya nani."

"Tuongee pembeni kidogo, bosi."

"Hakuna pembeni. Hapa tunafanya kazi kwa uwazi."

Mafundi wote wakatazama sakafu. Nikadhani wananiogopa. (Nilifurahi, siwafichi.) Nikachukua brashi, nikaandika mgongoni mwa runinga kwa herufi kubwa: MALI YA SERIKALI. Mkaguzi akapiga makofi. Nikanogewa, nikamwagiza mlinzi kwamba kitu hiki kisivuke geti, hata akija nani.

Hata rangi haijakauka, bajaji ikasimama getini. Akashuka mama mkwe, ambaye ametoka Muleba na anakaa kwetu Buswelu akitibiwa magoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe. Fundi Masanja amenipigia, runinga yangu imepona. Nilikuja nayo kutoka Muleba. Mke wako alisema tusikusumbue, una kazi nyingi."

Nikamwambia mlinzi afungue geti, tuitoe.

"Mkuu, si ulisema hata akija nani?"

Nikamgeukia mkaguzi. Akanieleza kwa upole kwamba kitu kikishaandikwa hivyo, hakitoki bila kibali cha makao makuu.

Mama mkwe akavaa miwani, akasoma maandishi yangu taratibu.

"Kumbe ni ya serikali."

"Ndiyo, mama."

"Na mimi si mwananchi?"

Mkaguzi akakubali kwamba ni mwananchi.

"Basi nitaangalia hapa hapa."

Akaingia, akakalia kiti changu, kile cha kuzunguka. Masanja akachomeka runinga. Picha safi kabisa. Fundi mwingine akamletea chai, kwenye kikombe changu. Tamthilia ikaanza, na mkaguzi naye akavuta stuli. Nikaona nirudi kazini, nikawauliza mafundi imefikia wapi. Mama mkwe akaniomba nipunguze sauti.

Naandika haya nimesimama nje. Mwenye namba ya anayetoa vibali makao makuu anitumie. Mwenye kicheko abaki nacho huko huko.