Bomba Lililobisha Hodi

Pikipiki ya Munee ilipolipuka mara ya kwanza pale stendi ya Ukunda, kuku walitawanyika, mtalii mmoja alilala kifudifudi kwenye vumbi, na Chande akatabasamu. Wengine walisikia kishindo. Chande alisikia riziki.

Siku hizo vijana wa bodaboda walikuwa wameshikwa na wazimu wa mabomba. Aliyenunua pikipiki hakulala mpaka ang'oe bomba la moshi lililokuja nayo, afunge jingine nene, la kung'aa, la kunguruma hadi Diani. La Munee lilikuwa limelegea nati pale linapoungana na injini. Hewa iliingia hapo, na kila akiachia mafuta likapiga "ba!" Chande aliazima spana, akakaza, bomba likanyamaza.

"Wasee, huyu si fundi," Munee aliwatangazia wenzake. "Huyu ni daktari!"

Sasa daktari bila wagonjwa atakula nini? Ujuzi wote wa Chande ulianza na kuishia kwenye nati mbili, kwa hiyo akatafuta njia ya kuwaongeza wagonjwa. Aliipata Ijumaa. Pikipiki zilikuwa zimepangwa nje ya msikiti, wenyewe wamo ndani wameinama. Chande naye aliinama, ila huko nje, spana mkononi. Swala ilipokwisha, mtaa mzima ukawa ba-ba-ba, na daktari ameketi barazani akishangaa kama wengine.

"Ni hewa ya baharini," aliwaeleza kwa upole. "Imeingia kwenye mapafu ya injini."

Kisha alikaza nati huku akinong'ona maneno asiyoyajua hata yeye, akapokea shukrani yake. Ikawa hivyo kila Ijumaa. Ng'ambo ya barabara Bi Mwanapili aligeuza viazi vyake kwenye karai, na kazi ya kugeuza viazi haimfumbi mtu macho.

Tusimwonee Chande. Katika jambo moja hakuwa tapeli hata kidogo: alimpenda Yusra, binti Mzee Alamin wa Msambweni, mapenzi ya kumnyima usingizi. Bahati mbaya alikuwa amemwambia mzee kwamba ana pikipiki nyekundu ambayo kwenye bomba lake unaweza kujitazama ukachana ndevu. Aliyokuwa nayo ilikuwa nyeusi, kongwe, kimya, wala haijawahi kumwangusha. Alikuwa akiionea haya. Na Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya posa.

Ijumaa, mkesha wa posa, akaiona nje ya msikiti. Nyekundu! Bomba lake pana, linameremeta. Ilikuwa mali ya Bi Mwanapili, na mpwa wake Iddi ndiye aliyeipanda kubebea magunia ya viazi. Chande alilegeza nati zake kwa mapenzi makubwa.

Watu walipotoka, Iddi aliiwasha, na Bi Mwanapili akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mama," alisema Chande.

"Marahaba, mwanangu. Umeyaona masaibu yangu? Likilia hili, mafuta ya moto yananirukia. Lina shetani!"

"Linaye," alisema Chande kwa sauti ya matangani. "Tena ni wa Vanga. Hao hawatoki upesi."

"Basi na nibadilishane na yeyote mwenye chombo kilicho kimya. Hata hiyo kongwe yako."

"Mama, hii ni kama ndugu yangu."

"Haya, nitamtafuta mwingine."

"Lakini mama ni mama," Chande alisema haraka.

Chande aliogopa mama huyo asije akabadili nia baada ya nati kukazwa. Kwa hiyo akadai wasome fatiha. Pwani yetu ahadi hukanwa na karatasi hupotea, lakini jambo likishasomewa fatiha mbele ya watu, mwenye haya zake harudi nyuma. Bi Mwanapili alifungua viganja kabla yeye hajafungua vyake. Stendi nzima ikaitikia amina.

Chande alikaza nati, akaizungusha pikipiki taratibu vichochoroni. Kimya! Alicheka peke yake mpaka mbuzi wakamtazama.

Jumamosi alivaa kanzu nyeupe, akaweka halua mapajani, akashika njia. Kwenye matuta ya Mwabungo aliachia mafuta ili apunguze mwendo. Ba! Akageuka kutazama ni gurudumu la nani limepasuka. Gazi tena: ba! Akashuka, akakaza nati mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Maskini hakujua kwamba Iddi alipofunga bomba pana vile hakuwahi kuirekebisha kabureta. Injini ilivuta hewa nyingi na petroli kidogo, na ugonjwa huo hauna habari na nati.

Alipokaribia nyumba ya wakwe alikata shauri. Angezima ufunguo na kuteremka kilimani kimyakimya. Aliteremka kweli, kwa heshima zote, lakini mchanga ukamshika kabla ya kufika uani. Akawasha ufunguo pikipiki ikiwa bado inasota. Petroli yote iliyopita kwenye injini bila kuungua, ikakusanyika ndani ya bomba, ikawaka kwa pamoja.

Nitasema nini? Halua iliruka. Wazee wa posa walijikuta chini ya mkeka.

"Umebisha hodi vizuri, mwanangu," ilisema sauti aliyoifahamu. "Hata Mzee Randu hapa, na uziwi wake, ameitikia karibu."

Alikuwa Bi Mwanapili, ameketi kando ya Mzee Alamin. Nyuma yake, kivulini, ilisimama pikipiki nyeusi, kongwe, kimya.

"Kwetu habari za mposaji huulizwa kwa wanaokaa naye," alisema Mzee Alamin, akijipangusa vumbi. "Nami huko Ukunda nina dada yangu. Lakini sipendi kuhukumu kwa maneno. Tunasikia wewe ni daktari wa mabomba. Litibu hili, kisha tuzungumze ya binti."

Chande akapiga magoti na kanzu yake. Alikaza. Ba! Akakaza tena, akanong'ona maneno yake yote. Ba!

"Ni hewa ya baharini," alisema kwa sauti ndogo.

"Ya kwenu au ya kwetu?" aliuliza mzee.

"Kaka, usimchoshe," alisema Bi Mwanapili. "Anajua kuutibu ugonjwa alioutia mwenyewe Ijumaa, watu wakiwa kwenye sijida. Huu kaukuta."

Kutoka dirishani kilisikika kicheko cha Yusra, na hicho ndicho kilichomchoma.

"Mama, basi nirudishie yangu," Chande alinong'ona.

"Mwanangu! Si tumesoma fatiha?"

"Amina," waliitikia wazee.

"Baba," aliita Yusra, akifuta machozi ya kucheka, "mwambie likinyamaza, aje tena."

Angetaka linyamaze kesho yake. Lakini habari ilikuwa imemtangulia Ukunda, na kila fundi aliyemwendea alikuwa na kazi nyingi mno siku hiyo.

"Mganga hajigangi, daktari," Munee alimwambia.

Mpaka leo Chande hupita njia ya Msambweni akitazamia kumwona Yusra, na kazi yake ya zamani imekufa. "Ba!" ikisikika mbali, upande wa Gazi, wenye vibanda wa Ukunda hujua ni daktari anayerudi, hushika mifuko yao kwa mkono mmoja na kuendelea na mazungumzo.