Daktari wa Pikipiki na Cherehani ya Shangazi

Anayekusudia kuishi kwa jasho la wengine hana budi kuwa na subira, na subira ni sifa njema. Kwa hiyo tusimhukumu mapema bwana aliyekaa siku tatu mfululizo kwenye benchi chini ya mlima, akinywa soda moja kwa saa nne na kuwasikiliza waendesha pikipiki wakilalamika.

Mlima ule ulikuwa mkali. Juu yake palikuwa na stendi ya mabasi, na chini yake palikuwa na kijiwe cha pikipiki. Kutoka kijiweni, barabara nyingine, tambarare kama meza, ilikwenda hadi kwenye lango la kiwanda na kuishia hapo. Asubuhi abiria walitaka kupandishwa stendi, na wenye pikipiki wakalia, "Injini haina nguvu!" Alasiri abiria walitaka kuwahi zamu kiwandani, na walewale wakalia, "Injini haina mbio!"

Siku ya tatu bwana yule aliiweka chupa chini, akapangusa midomo kwa leso. Mahali ambapo watu walewale wanaumwa magonjwa mawili yanayopingana, aliwaza, panahitaji tabibu.

Wiki iliyofuata alirudi amevaa koti jeupe, na shingoni amening'iniza kile chombo ambacho madaktari husikilizia mapigo ya moyo. Alipanga chumba cha nyuma katika duka la ushonaji la mama ambaye wote walimwita Shangazi, kwenye kichochoro kinachopanda kutoka kijiweni, akatundika pazia la kijani mlangoni, na ukutani akaandika kwa mwandiko wa kupendeza: DAKTARI WA PIKIPIKI. MGONJWA HAONWI AKIWA KATIKA UPASUAJI.

Mgonjwa wa kwanza aliletwa na Breki, mtoto wa kaka yake Shangazi, mwanamume wa miaka thelathini na miwili aliyepewa jina hilo kwa sababu pikipiki yake haikuwa nazo.

"Anasumbuliwa na nini?" aliuliza Daktari, akiweka chombo chake kwenye tangi la mafuta.

"Mlima, Daktari. Nikimbeba mama mmoja na furushi lake, tukifika katikati inakohoa, mama anashuka, ananisaidia kusukuma."

"Nyamaza kidogo. Vuta pumzi."

Breki akavuta pumzi.

"Si wewe! Naongea na mgonjwa. Mpe moto kidogo."

Breki akazungusha mkono, injini ikanguruma. Daktari akafumba macho.

"Kifua kimebana," alisema hatimaye. "Amewahi kulala nje kwenye mvua?"

Breki akainamisha kichwa. "Mara mojamoja."

"Mara mojamoja," Daktari alirudia kwa huzuni ya mtu aliyeona mengi. "Mwache hapa. Kaa nje, na usichungulie."

Kwa faida ya msomaji ambaye hajawahi kuchafua mikono kwa grisi, ni vyema tueleze kwa utaratibu yaliyotendeka nyuma ya pazia. Pikipiki ina visahani viwili vya chuma vyenye meno, ambavyo mafundi huviita sproketi. Kidogo kiko mbele, kwenye injini. Kikubwa kiko nyuma, kwenye tairi. Na cheni huviunganisha. Ukipunguza jino mbele, injini huzunguka mara nyingi zaidi kwa kila mzunguko wa tairi, nayo pikipiki hupata nguvu ya kupanda na hupoteza mwendo. Ukiongeza jino mbele, au ukilipunguza nyuma, mambo hugeuka. Unachopewa mlimani unanyang'anywa tambarare. Hakuna fundi duniani awezaye kukupa vyote viwili kwa sproketi peke yake.

Daktari alitoa sproketi ya mbele ya meno kumi na matano, akaweka ya kumi na manne. Kisha, kwa utaratibu uliostahili heshima, akafunga chini ya kiti kichupa cha kijani.

"Dawa ya Nguvu," alimwambia Breki. "Usiifungue. Ikiingia hewa, inakufa."

Breki aliupanda mlima akiwa amewabeba mama wawili na mafurushi matatu. Kufikia jioni kijiwe kizima kilikuwa kimepanga foleni mbele ya pazia.

Baada ya wiki moja kijiwe kizima kilirudi. Kwenye barabara ya kiwandani, walisema, injini zinapiga kelele kama zinachinjwa, mwendo hakuna, na petroli inanyweka kama maji.

"Ni kawaida," alisema Daktari bila kushtuka. "Nguvu imepanda kichwani. Sasa anahitaji Dawa ya Mwendo." Akawarudishia sproketi zao za zamani pamoja na kichupa chekundu, kwa bei ya juu zaidi, kwa kuwa magonjwa ya kichwa, kama ijulikanavyo, ni ghali. Wiki ya tatu walishindwa tena mlimani, wakarudi kutaka kijani. Mzunguko huo ungeweza kuendelea hadi Daktari azeeke kwa heshima.

Mtu pekee aliyejua ukweli alikuwa Shangazi. Siku moja kopo la Daktari lilianguka, sproketi zikaviringika hadi miguuni pake.

"Hivi ni nini, Daktari wangu?"

"Mifupa, Shangazi. Tumeitoa kwa wagonjwa."

"Maskini," alisema Shangazi, akaanza kuiokota huku akihesabu meno yake, kama anavyohesabu vifungo kila siku. Kumi na manne, kumi na matano, kumi na manne. Chini kabisa, vimefungwa katika gazeti, palikuwa na viwili vya namna nyingine: cha mbele chenye meno kumi na saba, na cha nyuma chenye thelathini na mawili tu, ilhali pikipiki zote za kijiweni zilikuwa na arobaini na mawili.

"Na hii?"

"Hiyo ni ya nchi tambarare kabisa. Hapa ingeua mtu."

Shangazi alirudi kwenye cherehani yake, akaweka miguu kwenye kikanyagio. Gurudumu kubwa la chini likazunguka mara moja. Dogo la juu, likivutwa na mkanda, likazunguka mara nyingi. Magurudumu hayo mawili yalikuwa yamemlisha kwa miaka thelathini. Akacheka, lakini kwa uangalifu, kwa sababu alikuwa na pini mdomoni. Hakumwambia mtu. Kila mmoja na ufundi wake, na wanaume wanaokinunulia chuma dawa ya kifua, aliona, hawahitaji kuharakishwa kuelimika.

Angeendelea kunyamaza, kama Breki asingekuwa mlafi.

"Daktari," alisema Breki asubuhi moja, akinong'ona, "nataka zote mbili. Nguvu na mwendo. Niwe peke yangu. Hawa wengine waendelee kupata moja moja."

Daktari akapangusa midomo kwa leso. Ukutani, upande wa pili, cherehani ya Shangazi ilikuwa ikipiga tikitiki yake, na katika mji wa pili, ng'ambo ya mlima, kulikuwa na tajiri aliyekuwa akizitafuta cherehani za kale za aina ile.

"Huo ni upasuaji mkuu, kijana wangu. Malipo yake si pesa. Inahamishwa roho ya chuma kilichokimbia miaka thelathini bila kuchoka."

"Chuma gani?"

Daktari akageuza sikio kuelekea ukutani, akasubiri.

"Cherehani ya Shangazi?" Breki akameza mate. "Itarudi?"

"Ikiwa na afya kuliko ilivyokuja. Tia sahihi hapa kwamba umeitoa kwa hiari."

Shangazi aliporudi kutoka kununua uzi, alikuta sakafuni alama nne safi, mahali ambapo miguu ya cherehani ilikuwa imesimama tangu duka lifunguliwe. Mezani palikuwa na sare za shule arobaini na moja, zimekatwa, hazijashonwa. Shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu.

"Breki. Iko wapi?"

"Usikasirike, Shangazi. Iko wodini. Wanaihamisha roho."

Shangazi akaketi. "Rudia, mwanangu. Polepole. Ujinga huu nataka kuusikia mara mbili, nisije nikadhani nimeota."

Alipomaliza kusikia, alichukua chaki, akachora kwenye kitambaa duara dogo na duara kubwa, akamweleza. Mara ya tatu, Breki alielewa.

"Kwa hiyo ile chupa..."

"Chai. Tena haina sukari. Niliionja."

Breki akasimama, ngumi zimekunjwa. "Namvunja!"

"Kaa chini. Ulitia sahihi?"

"Na dole gumba."

"Basi kwa karatasi ni mali yake. Ukimfokea, atainua karatasi, sisi ndio tutaonekana wezi. Atairudisha kwa mikono yake, mbele za watu, na atashukuru. Unajua kufungua tairi la nyuma?"

Saa sita mchana Daktari alikuwa uani, ameinama, akifunga cherehani kwa kamba juu ya pikipiki yake mwenyewe. Kwa waliouliza, alijibu kwamba mgonjwa amepewa rufaa ya hospitali kubwa. Shangazi alipita nyuma yake na ufagio, na mkasi.

"Daktari wangu," alisema baada ya kufagia, "utasimama mbele ya madaktari wenzako na upindo wa suruali umefumuka hivyo?"

Daktari akatazama. Kweli upindo ulikuwa ukiburuzika. Sasa, bwana huyu alikuwa na kasoro moja tu ya dhati: alipenda kupendeza.

"Utachukua muda gani?"

"Kwa mashine, dakika tano." Shangazi akachungulia mlangoni, akazitazama zile alama nne sakafuni, akaguna. "Kwa mkono, saa nzima."

Daktari akakaza fundo la mwisho la kamba. Yapo mambo ambayo mwizi hana nafasi ya kuyalalamikia. Dakika moja baadaye alikuwa ameketi nyuma ya pazia la Shangazi la kujaribia nguo, amejifunga kitambaa cha maua kiunoni, koti jeupe juu, na chombo shingoni.

Uani kukasikika mlio wa chuma. Shangazi akaanza kuimba kwa sauti kubwa.

"Shangazi, nichungulie pikipiki yangu kidogo?"

"Mgonjwa haonwi akiwa katika upasuaji."

"Mgonjwa gani?"

"Suruali," alisema Shangazi, akakata uzi kwa meno.

Uani, Breki alitumia spana za Daktari na kopo la Daktari. Mbele akaweka kumi na saba, nyuma thelathini na mawili, akatoa pingili nne za cheni, akafuta grisi kwa uangalifu ambao hajawahi kuutumia kwa jambo lolote la halali.

Kutoka dukani hadi kijiweni ni mteremko mfupi, na Daktari aliushuka kwa kasi iliyomfurahisha. Leo inaruka, aliwaza. Kisha akageukia mlima, njia pekee ya kutoka mjini.

Alifika robo yake. Injini ikatetemeka, ikakohoa, ikazima. Akawasha, akaachia klachi. Pikipiki ikaruka kama mwenye kwikwi, ikazima. Mara ya tatu ilirudi nyuma hatua mbili, na cherehani ikagonga mgongo wake kama anayeuliza wanakwenda wapi. Akainama, akatazama tairi la nyuma, na pale pale akaelewa kila kitu, kwa kuwa katika mji ule wote hakuna aliyezijua sproketi kuliko yeye.

Alipoinua macho, kijiwe kizima kilikuwa kimemzunguka.

"Pole, Daktari! Inaumwa nini?"

"Ah, ni hii spro..."

"Hii nini?" aliuliza Breki.

"Hii... hewa."

"Mkubwa, si una Dawa ya Nguvu? Mpe basi!" Breki alimwambia.

"Mpe mbili!" alisema mwingine kwa nia njema kabisa.

Mikono ishirini ikafunga vichupa vinne vya kijani chini ya kiti. Daktari akawasha, mbele ya macho yaliyojaa imani. Pikipiki ikazima. Wateja wakaanza kuhesabu mambo. Mtu mmoja alianza kufungua kichupa chake mwenyewe na kunusa.

"Nipisheni," alisema Shangazi, aliyekuwa amepanda mlima kwa miguu. Akamvua Daktari chombo shingoni, akakiweka masikioni mwake, akaisikiliza cherehani, halafu pikipiki, halafu, kwa muda mrefu, kifua cha Daktari.

"Kifua kimebana," alisema. "Ana mzigo usio wake. Ukishushwa, atapona. Au Daktari ana maoni mengine ya kitaalamu awaeleze hawa?"

Daktari aliwatazama hawa. Walikuwa ishirini, na yule mmoja alikuwa sasa anaionja dawa.

"Uchunguzi ni sahihi," alisema kwa sauti nyembamba, akaanza kufungua kamba. Aliishusha cherehani kwa mikono yake, akaitoa ile karatasi mfukoni, akaichana bila kuombwa. "Asante, Shangazi."

"Bado ni mzito. Na hilo begi."

Lilikuwa begi la mapato yake yote. Likashuka.

"Hii ni chai!" ilisikika sauti nyuma.

Mtu akiwa na haja ya kutosha husukuma pikipiki mlimani haraka kuliko injini. Daktari alifika kileleni akikimbia kando yake, akairukia, na ng'ambo, kwenye mteremko, meno kumi na saba mbele na thelathini na mawili nyuma yalifanya kazi yaliyoundiwa. Waliomshuhudia wanasema hakuna pikipiki iliyowahi kutoka mjini kwa kasi ile. Suruali, tuongeze, ilikuwa na upindo ulionyooka vizuri.

Begi liligawanywa pale pale mlimani, na Jumatatu watoto arobaini na mmoja waliingia darasani wakiwa wamevaa sare. Jumanne mwendesha pikipiki mmoja, aliyekuwapo mlimani na kusikia kila kitu, alisimama mlangoni kwa Shangazi.

"Shangazi, yangu inashindwa kupanda."

"Mbele una meno mangapi? Kumi na matano? Nenda kwa fundi akuwekee kumi na manne. Utapanda, lakini tambarare utapoteza mwendo. Chagua moja. Ushauri ni bure."

Mtu yule alijikuna kichwa, akasogeza mguu huu, akasogeza na ule.

"Nimekuelewa, Shangazi," alisema hatimaye. "Lakini ile ya kijani ilibaki hata moja?"

Shangazi akanyanyua birika, akatafuta kichupa.