Mnyoo wa Kambare, Lebo ya Perege

Jumatatu, tarehe 3 Machi
Kiti cha msimamizi wa maabara kiko wazi. Miaka kumi na tisa nimepasua samaki wa mto humu, nikihesabu minyoo bapa kwenye matamvua yao. Kiti ni changu. Nani mwingine? Shemeji! Mdogo wa mke wangu, niliyemtafutia kazi hii kwa kupiga magoti, amepeleka maombi. Hata hakunitazama usoni. Kweli asante ya punda ni mateke.

Jumanne, tarehe 4
Nimepata dawa yake. Katika kazi yetu kila mnyoo na samaki wake: wa kambare hakai kwa perege, wa perege hamjui kambare. Hata mfagiaji wetu anajua hilo. Basi nimetia minyoo sita wa kambare kwenye chupa ya spiriti, nikabandika lebo: PEREGE. Kwa mwandiko wa shemeji! Ile R yake yenye mkia nimeifanyia mazoezi toka asubuhi. Chupa iko mezani kwa mkuu wa kituo. Ataona huyu hajui kambare wala perege. Chakula cha mchana kimeshuka vizuri ajabu.

Jumatano, tarehe 5
Mkuu katoka ofisini akipiga kelele. Nikajua tayari. Kumbe za furaha! Anasema mnyoo wa kambare amehamia kwa perege, jambo ambalo hajaliona tangu aanze kazi. Akamkumbatia shemeji. Shemeji, ambaye chupa ile hajapata kuitia machoni, akasoma lebo, akakuna kichwa, akasema eti alikuwa na wasiwasi na perege yule tangu mwanzo. Mwongo mkubwa! Watu wengine hawana haya kabisa.

Alhamisi, tarehe 6
Nimeagizwa nitafute wengine. Nimepasua perege sitini na wawili. Mgongo umekufa ganzi, vidole vinanuka hadi sabuni imekata tamaa. Mnyoo wa kambare hata mmoja. Atoke wapi? Mkuu akasema kwa upole, mbele ya wote, kwamba umri nao huchosha macho. Shemeji akaniletea stuli nikae.

Ijumaa, tarehe 7
Nimesema ukweli. Nusu yake. Nimemwambia mkuu minyoo wale ni wa kambare, lebo ni ya uongo. Akauliza nimejuaje. Nikajifuta vidole. Akauliza mwandiko ni wa nani. Nikasema wa shemeji. Basi niache wivu, akasema. Nyumbani mke wangu ameshapata habari. Eti mtu mzima nina kijicho na mtoto niliyemlea mwenyewe. Kisha akauliza kama nitamwita bosi au shemeji. Hakuwa anatania.

Jumatatu, tarehe 10
Tangazo liko ubaoni. Msimamizi ni shemeji. Sasa nitaomba ruhusa ya kwenda kliniki kwa kijana niliyemfundisha kushika kisu. Nimelia chooni, sitaki kudanganya. Akanifuata, akaniambia nijikaze, mimi ndiye mwalimu wake. Ana roho nzuri, na hilo ndilo linaloniua.

Lakini nimekaa, nikafikiri. Kosa langu nimeliona: nilighushi mwandiko wa mtu mdogo. Kesho shemeji atapata barua ya uhamisho, kituo cha mbali kabisa, imetoka kwa mkuu. Saini ya mkuu ina mizunguko mitatu tu. Miwili nimeshaipata.