Safari ya Mwezini Kutoka Chumbani

Jumatatu, 7 Mei 1956. Hasamba, Mbozi.
Barua ya watu wa redio imefika. Wameikataa hadithi yangu! Miezi minne naandika habari za kabila letu, "Wanyiha Mwezini", kurasa thelathini na mbili, halafu mtu aliyekaa tu kitini ananiambia binadamu hawezi kufika mwezini, eti nijaribu hadithi ya usafi wa choo. Choo! Na ukoo mzima nimeshautangazia kwamba Jumamosi nitasomwa. Barnaba katekista, ambaye salamu zake za Pasaka zilisomwa redioni (salamu tu! maneno tisa!), ameniuliza mbele za watu kama nitasomwa kabla ya bei ya kahawa au baada yake. Mke wangu Enesi naye kasema neno la mwisho: Jumamosi nisiposikika, madaftari yatakuwa ya kuwashia moto jikoni, nami nashika kikapu nichume kahawa kama wanaume wenzangu.

Jumatano, 9 Mei.
Akili ni mali! Nimedandia lori la mahindi hadi Tunduma, nikavuka mpaka kwa miguu hadi Nakonde kwa binamu yangu Fanueli. Anayo redio iliyokufa tangu mwaka jana. Akasema haina sauti. Nikamwambia sauti ninayo mimi, nikaiazima. Mpango ni huu: redio mezani, imeegemea ukuta wa chumbani. Ukutani tundu. Kwenye tundu mwanzi. Nyuma ya mwanzi, mimi. Enesi nimemwambia Jumamosi nitakuwa Tunduma, yeye azungushe tu kitufe saa kumi na moja jioni. Nitaingilia dirisha la nyuma. Barnaba atajuta kuzaliwa.

Jumamosi, 12 Mei.
Laana! Laana tupu!
Ilianza vizuri. Nyumba ilijaa mpaka kizingitini. Nikaigeuza sauti iwe ya mtu wa pwani. Chombo cha chuma kikapaa kutoka Mbozi kwa moto wa maganda ya kahawa, kina mama wakapiga kelele. Nilichungulia ufani: Barnaba kinywa wazi. Mashujaa wangu wakafika mwezini, wakakuta mlango. Mlango, huko mwezini! Watoto wakaisogelea redio.
Ndipo akafika jirani yetu Mzee Mbonile, mtu wa kuchelewa hata mazishini, akapiga hodi.
Sasa mwenye nyumba akipigiwa hodi afanyeje? Nikaitika. Nikasema karibu ndani, Mzee Mbonile! Redio imemtaja jina! Mzee akashukuru, akaiuliza habari za nyumbani. Nikajibu njema. Ndivyo nilivyolelewa!
Kicheko kilichofuata sitakiandika. Barnaba akafungua mlango wa chumbani, akanikuta nimepiga magoti, mwanzi mdomoni. Akauliza kama mwezini ndiko huku. Mwanahizaya!

Jumatatu, 14 Mei.
Shambani, kikapu kiunoni. Madaftari mawili yameshachemsha maharage. Lile la "Wanyiha Mwezini" Enesi hajalichoma. Kusoma hajui, ila anasema kwanza nimwambie kama ule mlango ulifunguliwa. Ananidhihaki huyu!
Asubuhi wakaja majirani, kila mtu na kikapu chake. Wanachuma kahawa yangu na kuniuliza: nyuma ya mlango kulikuwa na nani? Wale watu walirudi Mbozi? Mzee Mbonile akaomba radhi, akasema usingizi haumjii. Hata Barnaba, bila haya, alimaliza mistari miwili ya mibuni huku akinisogelea. Walitaka niketi pale pale, niwasimulie kwa mdomo. Kwa mdomo! Kama bibi anayemenya maharage! Nikawaambia hadithi yangu ni ya redio, wangoje redio. Enesi akanishika mkono, akanisihi niwamalizie, akasema hata yeye hajawahi kuona watu wakimsikiliza mtu namna ile. Nikamnyang'anya mkono wangu. Nikawafukuza wote, wakaondoka mmoja mmoja wakigeukageuka nyuma, kahawa imebaki mitini.
Waende zao. Mwandishi wa hadhi yangu anahitaji wasikilizaji, si majirani.