Nyumba Mia Nne na Kumi na Mbili za Kijiji Kipya

Wakubwa wetu wa Garissa, ambao hawakuweza kufika. Wasaidizi wao, ambao nao hawakuweza kufika. Askari wa mnara, machifu, masheikh, wazee wa koo zote mliohesabiwa asubuhi na mtakaohesabiwa tena jioni. Akina mama, ambao naona mmekaa mbele bila kualikwa. Na mimi mwenyewe hapa jukwaani kivulini, Zakaria Mutinda, Ofisa Mwandamizi wa Ofisi ya Uamuzi Bora wa Makazi: salaam aleikum! (Mbuzi mmoja anajibu.) Dekow, tafsiri. (Dekow, mkalimani, anasema maneno mawili.) Ni hayo tu? Haya.

Ndugu wananchi, kama mnavyojua, nyumba zenu za zamani kule malishoni ziliteketea kwa bahati mbaya iliyopangwa vizuri sana, nanyi mkaletwa hapa ndani ya seng'enge imara, mwaka huu wa 1966, ili shifta, wale waasi wa porini, wasiwasumbue ninyi na ninyi msiwasumbue shifta. Sasa mtu aliye ndani ya seng'enge anahitaji nini? Anahitaji ushauri! (Sauti: "Maji!") Ushauri kwanza, maji ni dipatimenti nyingine.

Anayejenga nyumba yake mwenyewe sharti afanye maamuzi mazuri, na la kwanza ni kiwanja. Wenzenu wa mijini huhangaika miaka wakitafuta kiwanja, lakini ninyi tumewachagulia: hatua nane kwa hatua nane, mstari ulionyooka, namba mlangoni. Kisha huo mlango wenyewe: kwa utafiti wa kitaalamu nilioufanya mimi nikiwa nimekaa, asilimia tisini na saba ya afya ya binadamu inatokana na mlango kuelekea mnara wa askari, maana huko ndiko upepo mwanana unakotoka. Sebule iwe kubwa, ya kupokea wageni, ingawa wageni hawaruhusiwi. Na jamani, acheni nafasi ya kuegesha motokaa! (Vicheko. Sauti: "Na ngamia je?") Ngamia wenu wako mikononi mwetu, mtu asiwe na wasiwasi. Skimu yetu ni ya nyumba mia nne na kumi na mbili, kuta za mawe, paa la mabati, na pulani yake yote ninayo hapa kichwani.

Naona mama mmoja amesimama. Ni nani huyo? (Dekow: "Ni Rukiyo, Bwana Mkubwa. Binti yake Kinsi anaolewa Ijumaa.") Hongera! Basi mumewe aje achukue fomu ya nyumba. (Kicheko kikubwa. Akina mama wanashika mbavu.) Dekow, wanacheka nini? (Dekow: "Bwana Mkubwa, kwetu mwanamume hajengi. Nyumba ni ya mwanamke. Bibi harusi hujengewa na mama yake, miti na mikeka, na bila nyumba hiyo hakuna harusi.") Haiwezekani! Fomu yangu ina mstari mmoja tu wa mwenye nyumba, na hapo ofisi imekwisha kupiga chapa "Bwana".

(Rukiyo, kwa Kiswahili chake: "Bwana, mimi nataka pasi tu, nitoke kukata miti. Miti yangu na mikeka yangu askari alichukua pale langoni, miezi mitatu sasa. Hiyo mikeka nimesuka miaka mbili, wallahi! Mtoto wangu ataolewa juani?")

Mama, usinipandishie sauti. Miti yako ilikutwa imepindwa kama pinde, na upinde ni silaha, kwa hiyo ikahifadhiwa kitaalamu pamoja na mikeka yake. Pasi sitoi. Lakini umenikumbusha uamuzi ulio bora kupita yote, na nataka kila sikio linisikie: jenga kwa vifaa vyako mwenyewe! Usiingoje Serikali, usiombe pasi, usimwulize ofisa. Kifaa chako kikiwa popote ndani ya seng'enge hii, kichukue, leo leo, ukajenge! Askari, mmesikia? Atakayemzuia mwananchi nitamwandikia barua ahamishiwe Mandera. Dekow, hilo litafsiri vizuri. (Dekow anatafsiri polepole, neno kwa neno. Kisha anarudia. Akina mama wote wanasimama.)

Naam! Hotuba ndiyo hiyo! Tazameni wanavyokwenda mbio kazini! (Akina mama wamezunguka kile kivuli cha miti na mikeka kilichofunika jukwaa. Rukiyo anafungua kamba ya kwanza.) Katika utumishi wangu wa miaka kumi na minne sijapata kuona watu wakitii upesi namna hii, na nasema kwa unyenyekevu mkubwa kwamba kipaji hiki sikukiomba, nilizaliwa nacho, na hata marehemu mama yangu... Dekow, mbona kuna jua hapa? (Dekow: "Bwana Mkubwa, hii ndiyo mikeka yake.") Mikeka gani? (Dekow: "Ile iliyohifadhiwa kitaalamu.") Mama, ngoja! Askari! (Askari wanatazamana. Mmoja anauliza kama Mandera kuna maji.)

Haya. Nimeyatema mwenyewe, siwezi kuyaramba mbele ya watu.

Basi nifunge kabla kichwa hakijapasuka. Semeni nami: Harambee! ("Harambee.") Makazi bora, taifa bora! (Rukiyo: "Hiyo mti shika pole pole!") Nawashukuru nyote, na zaidi ya wote namshukuru Mama Rukiyo, kwa sababu, niseme kweli mbele ya Mungu na jua hili, katika ripoti niliyoipeleka Nairobi nyumba zote mia nne na kumi na mbili zilikamilika tangu Machi. Mawe hayakuagizwa, mabati hayapo, na ile picha ya nyumba ya mfano ilikuwa picha ya kivuli hiki, nami nimesimama chini yake natabasamu. Mkaguzi anafika Ijumaa kuiona. Mama, nakuomba kama ndugu yako, niachie hata mti mmoja.

(Rukiyo, mzigo begani, hamngoji mkalimani: "Ijumaa aje. Harusi iko. Nyumba ataona.")

Asante, mama. Asanteni. Dekow, lete ile fomu. Nyumba iliyokamilika, andika moja. Mwenye nyumba... hapo penye "Bwana" futa. Andika Kinsi.