Shingo ya Gita la Badr

Jumamosi, 4 Januari 2025

Manal kaja leo baada ya alasiri. Ni mtoto pekee wa marehemu kaka yangu Badr, na Ijumaa ni harusi yake. Kaleta gita la umeme la baba yake, kalifunga kwenye shuka. Ana ombi moja. Usiku wa harusi ukumbini watakuwa wanawake peke yao, na sisi wapigaji wanaume tutawekwa nyuma ya pazia, kama kawaida. Anataka nikiwa huko nilipige gita hilo hilo, wimbo mmoja tu, ule aliokuwa akipigiwa na baba yake kabla ya kulala. Baada ya harusi atalichukua, aende nalo Sohar kwa mumewe. Nikamwambia ami yako yupo, usiwe na wasiwasi.

Wasiwasi ninao mimi. Shingo ya gita hili nene mno! Nyuma imejaa, imevimba. Badr alikuwa na viganja vikubwa. Mimi sina. Nikishika, kidole cha mwisho hakifiki kinapotakiwa kufika. Nimejaribu mara kadhaa, mlango nimeufunga. Rahila, mke wangu, kasema kwa nje kwamba tatizo si gita, ni vidole vyangu, vimeanza kukakamaa, niende hospitali. Rahila hajui mambo ya magita.

Badr hakuniruhusu kulishika hata siku moja. Leo liko kitandani kwangu. Sikufurahi hata kidogo.

Jumapili, 5 Januari

Utafiti. Nimekwenda duka la ala za muziki mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, hapa Maskati, nikajitia mnunuzi. Anayeuza ni binti wa Kiganda, Nakabugo. Nikamwambia anishushie magita yote, nataka kulinganisha shingo.

La kwanza nyuma yake ni ya mviringo, mfano wa herufi C. Dole gumba limestarehe, lakini vidole vinachelewa. La pili jembamba, nyuma imelala bapa. Vidole vilikimbia vyenyewe! Ila nilipomaliza wimbo mmoja kiganja kikaniuma, kwa sababu hakuna cha kukijaza. La tatu lina mgongo uliochongoka katikati, kama herufi V. Dole linaegemea pale vizuri, lakini lazima ulipitishe juu ya shingo, na langu halipiti.

Nikarudia la pili. Nikarudia la kwanza. Nakabugo akaniuliza kama mzee angependa kiti. Mzee! Akaleta na maji. Nikaondoka nikisema nitafikiria.

Hitimisho: jembamba ndiyo dawa. Maumivu ya kiganja ni ya kuzoea tu.

Jumanne, 7 Januari

Hamood, mtoto wa ami yangu, ndiye mwenye gita jembamba hapa mjini. Anapiga vizuri, na anajua kwamba anapiga vizuri. Nimemwalika kahawa na halwa, nikamwomba aje na gita. Alipokwenda kutawadha nikatoa futi ya Rahila ya kushonea, nikaizungusha shingoni mwa gita lake. Kisha la Badr. Tofauti kubwa! Nilikuwa napima mara ya pili, kuhakikisha, Hamood akatokea mlangoni na mikono inachuruzika maji.

Nikasema nalisifu tu.

Akakaa. Akaniambia taratibu kwamba kama mkono unanisumbua, yeye yuko tayari kumpigia Manal, na mimi nikae pembeni yake. Kwa upole kabisa, kama unavyozungumza na mgonjwa. Nikamjibu mkono wangu mzima, ahsante. Halwa hakuongezewa.

Manal ni mtoto wa kaka yangu mimi. Yeye na Hamood wapi na wapi?

Jumatano, 8 Januari

Nimepata ufumbuzi. Sijamwambia mtu.

Mtaa wa Ghala, kwenye viwanda, kuna karakana ya milango. Nikamwonyesha fundi shingo ya gita, nikamwambia apunguze nyuma. Akaniuliza ni mpini wa kitu gani. Nikamwambia yeye achonge tu. Akalibana mezani, akapitisha randa. Nikashika, nikasema bado. Akapitisha tena. Bado. Mara hii ikapatikana! Mkono umezunguka wote, kidole cha mwisho kimefika mahali pake. Akapiga msasa, akapaka vanishi ya mlango, inang'aa.

Njiani nimeimba peke yangu garini. Badr angeona, angecheka. Au pengine asingecheka.

Alhamisi, 9 Januari

Shingo imepinda.

Asubuhi nimekaza nyuzi, zikaivuta. Nimeiona kwa macho yangu, imekunjika kidogo kidogo. Kila nikipiga, nyuzi zinagonga vyuma vya shingoni, sauti inatoka ya kopo. Nimelegeza, nimekaza, nimeweka vitabu vizito juu yake. Kumbe ule unene ndio uliokuwa ukiishikilia.

Nimelia. Nimeandika, basi. Namtaka kaka yangu aje anitukane.

Rahila kampigia simu Hamood bila kuniuliza. Hamood kaja, kalitazama, hakucheka. Angecheka ingekuwa nafuu. Tumekubaliana atapiga yeye, kwa gita lake, na Manal asiambiwe. Pazia ni nene.

Jumamosi, 11 Januari

Harusi imepita salama. Nilikaa nyuma ya pazia na gita la Badr mapajani, halikuchomekwa waya, nionekane napiga ikiwa mtu atachungulia. Hamood akapiga ule wimbo. Nimejaribu kumwonea wivu nikashindwa, ulikuwa mzuri mno. Upande wa pili wanawake wakanyamaza wote.

Kisha Rahila akaja pembeni ya pazia na salamu za bibi harusi: ahsante ami, nimeijua sauti ya gita la baba tangu mwanzo. Hamood akatazama sakafu. Mimi nikasema alhamdulillahi. Hamood akanipa leso yake, nikaichukua.

Jumapili, 12 Januari

Manal kaja na mumewe, Marwan, kuchukua gita. Nililipangusa likang'aa. Marwan akabaki garini.

Manal akalipakata. Akafumba macho, akapeleka mkono wa kushoto shingoni, nyuma, akawa anatafuta kitu. Akapandisha mkono, akashusha. Akafumbua macho.

"Ami," kasema, "hii si shingo yake."

Akanieleza. Nyuma ya shingo palikuwa na kijishimo, vanishi imeliwa, pale dole gumba la baba yake lilipokaa miaka yote. Alipokuwa mdogo, baba yake akiweka gita chini, yeye hutia dole lake mle, mara nyingi hukuta bado pana joto. Tangu afariki, kila siku hutia dole pale kabla ya kulala. Nilikuja kuchukua hicho tu, kasema.

Nikamwambia ni hali ya hewa ya Maskati, unyevu, mbao hubadilika.

Hakubisha. Akalilaza juu ya kochi, akanibusu mkono, akasema nikae nalo mimi, kwao Sohar nyumba ndogo. Nimewaona kupitia dirishani, gari haikuondoka mpaka baada ya muda mrefu. Marwan alikuwa amemshika bega.

Sijawahi kukiona kijishimo hicho. Nilikuwa naangalia unene tu.

Nimekaa na gita mpaka magharibi. Rahila kanisihi nimpigie Manal, nimwambie ukweli, nimwombe radhi. Nilikuwa nishaishika simu. Ndipo likanijia wazo! Fundi wa milango abandike ubao mwembamba nyuma, gundi nzuri, vanishi ya rangi ile ya zamani. Kisha msasa pale pa dole, pole pole, mpaka paingie ndani. Nitampelekea Sohar, nimwambie gita lilipokauka, kijishimo kimerudi chenyewe.

Kesho Ghala mapema. Kilichobaki ni kipimo. Nimejitahidi kukumbuka dole la Badr lilikuwa na upana gani, sikumbuki. Nitakadiria. Safari hii hatajua.