Jinsi Maduhu Alivyopanda Kilima cha Ukweni Mkewe Asishuke

Tulizeni vikombe, enyi mnywao chai ya Isaka! Enyi makuli wa bandari kavu, tueni magunia. Enyi madereva wa maroli yaendayo magharibi, zimeni injini zenu, kwani leo inatajwa injini iliyo kuu kuliko zote, ingawa ukubwa wake haufiki birika hili lililo mbele yangu. Ewe ulimi wangu, nakubembeleza, usiteleze wala usiongeze chumvi kupita ile iliyokwisha kuzidi. Na mwenye shaka anyamaze mpaka nimalize, kisha aendelee kunyamaza.

Alikuwako, na hata sasa yuko, Maduhu mshona maturubai, bingwa wa sindano ndefu, mlinzi wa mizigo ya watu dhidi ya mvua, ambaye turubai lake likishafungwa juu ya roli, hata wingu lenyewe hukata tamaa. Maduhu huyu alimiliki pikipiki. Msinifikirie hizi bodaboda zenu zilizokonda! Lilikuwa pikipiki la kujinyoosha, usukani mpana kama pembe za fahali, kiti cha kuegemea, tangi linalong'aa hata ukajitazama ukanyoa ndevu. Alilinunua kwa Marwa, mchimbaji wa Geita, ambaye mwaka mmoja shimo lake lilitema dhahabu akanunua ufahari, na mwaka uliofuata likatema maji akauuza. Maduhu akaliita Dume la Isaka. Likiwashwa, watoto wachanga waliamka mtaa wa pili.

Lakini Dume, pamoja na ngurumo zake zote, lilikuwa na adui mmoja tu duniani, naye ni kilima cha Samuye. Juu ya kilima hicho ndipo ulipo mji wa Mzee Mayala, baba yake Bernadina, mke wa Maduhu. Kila walipokwenda kusalimia, wakifika katikati ya mwinuko injini ilikohoa, ikashusha pumzi, ikaanza kuomboleza. Naye Bernadina, binti wa watu aliyetolewa ng'ombe, akashuka, akavua viatu, akapanda kwa miguu huku akisukuma, na ndugu zake wote wakitazama kutoka juu. Safari moja mwuza mkaa aliyekuwa akikokota baiskeli yenye magunia aliwapita, tena akawapa pole. Walipofika, Mzee Mayala aliuliza kwa upole wa mkwe, ambao ni upole unaokata, "Hivi mwanangu, chombo hiki kinatumia petroli au kinatumia miguu ya Bernadina?"

Ikawa, pamba ilipokomaa, habari ikafika Isaka kwamba Nelly, mdogo wake Bernadina, ameposwa, na Jumamosi ng'ombe wa mahari watapokewa. Bernadina akamwendea mumewe kazini, akasimama katikati ya turubai lililotandazwa, akanena.

"Baba Ndaki, weka sindano chini unisikilize. Jumamosi wanakuja wakwe wapya. Uwanja wa baba utajaa watu kutoka kila upande, na mimi ndiye binti mkubwa wa nyumba ile. Nikishuka tena pale katikati ya kilima, nasimamisha bodaboda ya kwanza ipitayo, napanda, naingia kwa baba yangu nikiwa nyuma ya mgongo wa mwanamume mwingine. Wewe utanikuta huko, wewe na ngurumo zako."

Maduhu aliumia. Nani anacheka huko nyuma? Nimesema aliumia! Alimpenda Bernadina kuliko alivyolipenda Dume, na wanaomjua Maduhu wanajua hayo ni mapenzi makubwa. Akainuka, akapiga kifua, akatamka, "Mama Ndaki, naapa kwa turubai hili! Nitaliongezea Dume nguvu, hata kama ni kulifumua injini nati kwa nati!"

"Kwa hazina ipi?"

Shujaa akatazama pembeni.

"Mchukue yule beberu wetu wa zizini, umuuze," akasema Bernadina. "Bajeti ni huyo beberu, haina nyongeza. Na beberu asipotupandisha kilima, nisikuone ukimtolea macho mbuzi jike."

Basi likaitishwa baraza la vita katika banda la Kalisti, mtabibu wa vyuma, mwenye spana chache na maneno mengi, ambaye hajawahi kukiri kushindwa na chombo chochote, hata vile vilivyomshinda. Beberu alifungwa kwenye nguzo, akahudhuria kikao kama mwakilishi wa hazina. Marwa naye alikuwapo, kwani alijiona bado ana usemi juu ya pikipiki aliloliuza. Ndiye aliyesimama kwanza.

"Ndugu zangu!" akanguruma. "Mimi nimeshuka chini ya ardhi ambako hata panya hubisha hodi. Nawaambieni, nguvu haichezewi. Kule machimboni tuna injini ya karasha, ile inayosaga mawe ya dhahabu yakawa unga. Tuifunge hapa! Maduhu hatapanda kilima. Kilima kitasagika, apite tambarare!"

"Na beberu huyu atanunua injini ya karasha?" akauliza Kalisti.

"Atanunua mkanda wake. Injini tutaazima."

Maduhu naye akatoa ya moyoni: alitaka kabureta kubwa, alitaka pistoni mpya, alitaka ekzosi litobolewe ili injini ipumue. Kalisti akamsikiliza huku kafumba macho, kisha akapanda juu ya tairi bovu ili maneno yake yatoke juu.

"Maduhu, mwana wa watu! Kabureta kubwa kwa injini hii ni kumpa mtoto bakuli la mtu mzima: atamwaga, hatashiba. Pistoni mpya inataka fahali, nawe umeniletea beberu. Na ekzosi lililotobolewa litakuongezea kelele tu, wakati kelele unazo hata za kugawa. Leteni bisibisi!"

Akafungua chujio la hewa. Loo! Vumbi lote la Isaka lilikuwa mle, limeshikana likawa udongo mzuri wa kilimo. Kalisti akalionyesha kwa baraza pande zote. "Hapa mngeweza kupanda viazi," akasema. "Mnyama huyu hana upungufu wa nguvu. Amezibwa pua!"

Ndipo akatangaza mpango wake. Chujio lioshwe, kabureta isafishwe, plagi iwe mpya, vali zirekebishwe. Na juu ya yote, sproketi ya nyuma, lile gurudumu la meno linalovutwa na cheni, ing'olewe na kuwekwa iliyo kubwa zaidi. Hayo yote beberu atayamudu. "Lakini sikia," akaongeza, na sauti yake ikashuka. "Sproketi kubwa inatoa nguvu na kula mwendo. Kilimani utakuwa simba. Kwenye tambarare, kila mtu atakupita, na wengine watakupungia mkono. Huwezi kuwa na vyote viwili kwa mbuzi mmoja. Chagua."

Maduhu alilitazama Dume lake, akaukumbuka upepo wa barabara ya lami, na koti lake linavyopepea, na wasichana wa Tinde wanavyogeuka. Machozi yalimlenga, wala hakuyaficha. Kisha akanena neno ambalo mafundi wa Isaka wanalirudia mpaka leo: "Chukueni mwendo wangu. Niachieni mke wangu."

Marwa akavua kofia. Beberu akapelekwa kwa mwuza spea, ambako kabla ya kukabidhiwa rasmi alikula nusu ya kalenda ya ukutani, na biashara ikafungwa haraka asije akala nusu ya pili. Sproketi iliyopatikana matundu yake hayakulingana na ya Dume. Kalisti akaketi na tupa, akayapanua tundu baada ya tundu, huku akiwatukana walioitengeneza hata majirani wakafunga madirisha.

Jumamosi ikafika. Bernadina alivaa kitenge kipya na viatu vyeupe, akapanda nyuma. Wakaenda. Walipitwa na maroli, wakapitwa na bodaboda, wakapitwa na mzee mwenye baiskeli aliyewasalimu, akasubiri waitikie, kisha akawaacha. Maduhu alivumilia yote, uso kakunja, kwani aliujua uwanja wa vita ulipo.

Na kilima kikatokea. Maduhu akashusha gia, akakaza meno. "Panda, Dume! Panda, ewe uliyezibuliwa pua!" Dume likapanda! Polepole, naam, lakini halikukohoa. Walipofika pale pa aibu, pale katikati, Bernadina akaanza kuvua kiatu kwa mazoea. Akaona miti bado inarudi nyuma, akakivaa tena.

Ndipo, lo salala, mbele yao akatokea mama mkwe, anateremka njia ileile, sufuria kubwa la kuazimwa kichwani.

Sasa enyi wageni wa nchi hii, eleweni. Kwa Wasukuma wanaoshika mila, mkwe na mama mkwe hawakutani uso kwa uso njiani. Mwanamume husimama, huacha njia, huinamisha macho mpaka mama apite. Lakini Dume likisimama pale, kwa mwinuko ule na watu wawili mgongoni, haliondoki tena. Na kumpita mama mkwe huku unamtazama ni jambo ambalo hata wajukuu wako watalilipia.

"Mama Ndaki! Mama yako!"

"Namwona!"

"Nisimame?"

"Ukisimama nashuka, na nikishuka napanda bodaboda!"

"Basi nipite nimtazame?"

"Thubutu!"

Hapo ndipo Maduhu alipotenda tendo ambalo majemadari wakubwa hawakulithubutu. Alifumba macho yote mawili, akageuzia uso shambani, na mkono wake haukupunguza mafuta hata chembe. Bernadina, mtoto wa mkulima, aliyekulia nyuma ya jembe la ng'ombe, akamkamata mumewe mabega na kumswaga. "Kulia! Kulia kidogo! Nyooka hivyo hivyo! Kushoto, kuna shimo! We, kushoto ni huku!"

Mama mkwe naye hakuwa mtu wa kushindwa adabu. Aliacha njia, akajitosa ndani ya pamba, akageuka nyuma, akachuchumaa, akajifunika kanga. Kilichobaki kuonekana juu ya pamba ni sufuria peke yake, limesimama wima. Dume likalipita kwa heshima zote, polepole mno.

Likapanda, likapanda, likaingia uwanjani katikati ya wageni na kuku. "Simama!" akapiga kelele Bernadina.

"Tumefika?" akauliza Maduhu, macho bado kayafumba.

"Umesimama mbele ya baba."

Akafumbua. Mzee Mayala hakutazama injini. Alitazama viatu vya binti yake, vyeupe, visivyo na vumbi, kisha akamtazama mkwewe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." "Leo mmekuja wote wawili."

Vigelegele vikapaa! Tangu siku hiyo, watu wa Samuye wanagawa zama katika sehemu mbili, ya Bernadina kusukuma na ya Bernadina kukaa, na mtoto aliyezaliwa wiki ile karibu aitwe Sproketi, ila padri alikataa.

Bado watu wanashangilia, Nelly akatoka nyuma ya nyumba, alikofikia mama yake kwa njia ya mkato. Akapiga goti mbele ya Maduhu.

"Shemeji, mama kanituma. Anasema njiani hakukuona."

"Asante," akanong'ona Maduhu, jasho likimtiririka.

"Anasema hakukuona ukipanda kilima chote na dada amekaa. Na anasema tangu azaliwe, hajawahi kutoona jambo zuri kama hilo."